Mtunga Maonyesho

Ukitoka Nairobi, Kyumbi ndipo unapoiacha barabara kuu ya Mombasa na kushika ya Machakos. Pita mji, endelea upande wa Kitui, utafika Wamunyu, chimbuko la uchongaji wa kisasa wa Wakamba, alikorudi Mutisya Munge na ufundi alioupata Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vinyago vya huko tumevizoea dukani: twiga na twiga, kifaru na kifaru, kwa kimo na kwa bei. Mpango huo ni wa muuzaji, na hauna haja ya istilahi.

Sasa tuseme vijana wa Kyumbi wamepata ukumbi kwa wiki mbili. Yumo mchongaji, wamo wachoraji wawili, mpiga picha, na mmoja anayeunga vyuma chakavu. Wamemteua mwenzao, msanii kama wao, aamue kipi kiingie, kipi kikae kando ya kipi, na mgeni akutane na nini kwanza akifungua mlango. Bango linachapishwa kesho. Huyu aitweje?

Wenyewe watasema kyureta, yaishe. Neno hilo asili yake ni Kilatini, kitenzi cha kutunza, na kwa muda mrefu lilimhusu mlinzi wa vitu vya makumbusho. Huyo tunaye: ni mhifadhi, adui wa mchwa na unyevu. Lakini kijana wetu hahifadhi kitu. Wiki mbili zikiisha kila mtu atabeba chake. Mratibu lina harufu ya semina na posho. Mwandalizi ni aliyekodi viti. Mpangaji, mwenye nyumba atamdai kodi.

Mimi nashika kitenzi tunga. Shanga hutungwa, samaki hutungwa, shairi hutungwa. Anayetunga shanga hakuzifinyanga. Kazi yake ni uzi, na kujua nyekundu ikae wapi ili nyeupe ionekane. Kama tuna mtunga mashairi na mtunga sheria, mtunga maonyesho hatamshangaza mtu. Tunapata na mtungo bure, kwa ule mpangilio wenyewe.

Mfano mzuri ni Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, anayechora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda. Alipopewa kumbi za Haus der Kunst, Munich, mwaka 2020, kisha Royal Academy, London, mwaka 2021, hakuzijaza kazi zake peke yake. Alitunga ndani yake maonyesho ya wachoraji waliomtangulia Afrika Mashariki, miongoni mwao Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Elimo Njau na Sane Wadu, akayaita kwa Kiswahili: Mwili, Akili na Roho. Hakuna hata turubai moja kati ya hizo aliyoichora yeye. Uzi ndio wake: mgeni aliyekuja kumwona Armitage aliondoka akijua kwamba kijana huyu ana wazee.

Mtu ataniambia neno hili linampa makuu, kwamba mtungaji ni mwenye kazi, na huyu anajitwalia jasho la wenziwe. Pingamizi hilo lina uzito, ila nadhani ni sifa ya neno, si kasoro. Mratibu anaweza kusema aliratibu tu. Mtunga atajibu kwa alichokitunga. Mwaka 2013 banda lililobeba jina la Kenya kwenye Biennale ya Venice, maonyesho ya sanaa ya mataifa, lilijaa wasanii wa Kichina, Wakenya wakiwa wachache. Shanga zilikuwapo, uzi ndio haukuwa wetu, na aliyeushika alistahili kuulizwa.

Kwa hiyo bango la Kyumbi ningeliandika hivi: majina matano ya wasanii juu, kwa herufi kubwa, na chini yao, kwa herufi ndogo, "Yametungwa na" fulani. Kama naye ana picha yake ukutani, jina lake litokee mara mbili.