William Brass na Ushahidi wa Kina Mama: Jinsi Uzazi wa Afrika Mashariki Ulivyopimwa

Anayesoma leo kwamba mwanamke wa Kenya huzaa wastani wa watoto 3.4, au wa Tanzania 4.8, kama tafiti za kitaifa za mwaka 2022 zinavyoeleza, huzipokea tarakimu hizo kana kwamba zimesomwa kwenye mizani. Ukweli ni kwamba zimetokana na mazungumzo: mwanamke ameulizwa, amekumbuka, amejibu, na mtu ameandika. Mwanademografia aliyetufundisha kuyatendea mazungumzo hayo kama ushahidi, wenye thamani yake na kasoro zake, ni William Brass, Mskoti aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1921. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba mchango wake mkubwa haukuwa fomula zinazobeba jina lake. Ulikuwa nidhamu ya kutilia shaka jibu bila kumdharau aliyelitoa, na nidhamu hiyo ndiyo tunayoelekea kuipoteza.

Brass aliwasili Nairobi mwaka 1948 kufanya kazi katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki. Mwaka huohuo ilifanyika sensa ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ya kwanza kuwahesabu Waafrika kwa utaratibu unaostahili kuitwa sensa. Kabla ya hapo serikali za kikoloni zilitegemea orodha za kodi na makisio ya wakuu wa wilaya. Robert Kuczynski, katika juzuu lake kuhusu eneo hili lililotolewa mwaka 1949 baada ya kifo chake, alionyesha kwa subira ya kutisha kwamba sehemu kubwa ya takwimu hizo ilikuwa ya kubahatisha. Kuczynski alibomoa, na alikuwa na haki ya kubomoa. Swali lililobaki ni nini kingejengwa pale, katika nchi ambazo karibu hakuna kizazi wala kifo cha Mwafrika kilichoandikishwa.

Sensa ya 1948 ilifuatiwa na uchunguzi wa sampuli ambamo wanawake waliulizwa kuhusu watoto waliowazaa. Majibu yalikuja na matatizo mawili yasiyofanana. Tatizo la kwanza lilihusu muda. Mama akiulizwa kama amejifungua katika miezi kumi na miwili iliyopita, “mwaka” anaoufikiria huweza kuwa mfupi au mrefu kuliko wa karani, hasa pale umri na tarehe havihifadhiwi kwa kalenda. Tatizo la pili lilihusu kumbukumbu. Wanawake wazee huacha kuwataja baadhi ya watoto wao, hasa waliokufa wachanga na waliokwisha kuhama nyumbani. Dalili yake haifichiki: katika majedwali ya namna hii, wanawake wa miaka 45 hadi 49 wakati mwingine huonekana kuwa na watoto wachache kuliko wale wa miaka 40 hadi 44. Kwa kuwa hakuna mama anayepunguza idadi ya aliowazaa kwa kuzeeka, jambo la kwanza la kushukiwa ni kwamba kuna watoto walioachwa nje ya hesabu.

Wengine wangeyatupa majibu hayo. Brass aliona kwamba makosa hayo mawili hayaharibu kitu kimoja. Kosa la muda huwapata wanawake wa rika zote kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo hupotosha kiwango cha uzazi lakini huacha umbo lake, yaani jinsi uzazi unavyopanda na kushuka kwa umri. Nao wanawake vijana, ambao watoto wao ni wachache na wadogo, hawana mengi ya kusahau. Basi chukua umbo kutoka kwa vizazi vya mwaka uliopita, na kiwango kutoka kwa vijana. Tuseme wanawake wa miaka 20 hadi 24 wanaeleza kwamba kila mmoja amezaa wastani wa watoto 1.2, lakini vizazi vya mwaka uliopita, vikijumlishwa hadi umri huo, vinatoa 1.0 tu. Uwiano ni 1.2. Kama jumla ya uzazi iliyoripotiwa ni 5.5, makadirio yaliyosahihishwa yatakuwa 6.6. Hiyo ndiyo njia ya P na F: P ni watoto wa maisha yote, F ni mjumuisho wa vizazi vya karibuni.

Kwa mantiki hiyohiyo alipata njia ya kupima vifo vya watoto. Muulize mama amezaa wangapi na wangapi wako hai, kisha tumia umri wa mama badala ya umri wa mtoto. Watoto waliofariki miongoni mwa wale waliozaliwa na wanawake wa miaka 20 hadi 24 hutoa makadirio ya uwezekano wa kufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Wale wa kina mama wa miaka 30 hadi 34, kabla ya miaka mitano. Hakuna cheti kinachohitajika. Naliona hili kuwa mojawapo ya mafanikio makubwa ya sayansi ya jamii ya karne iliyopita, nami nalisema nikijua kwamba maswali yenyewe yaliulizwa chini ya utawala ambao haukuwa umewauliza wanawake hao ridhaa yao kuhusu jambo lolote.

Aliondoka Nairobi mwaka 1955 kwenda Aberdeen, na tangu 1965 akafundisha London katika chuo cha afya na tiba za nchi za joto. Mwaka 1968 kilitoka kitabu The Demography of Tropical Africa, alichokiandika pamoja na Ansley Coale na wenzao, na njia zake zikaenea hadi Asia na Amerika ya Kusini. Mwaka 1989, akiwa na Wendy Graham na Robert Snow, alipendekeza kupima vifo vya wajawazito kwa kuwauliza watu wazima habari za dada zao. Alifariki mwaka 1999.

Kuna pingamizi zito dhidi ya urithi huu. Njia ya P na F hudhani kwamba uzazi haujabadilika kwa miaka mingi. Dhana hiyo ilikubalika mwaka 1948. Haikubaliki katika nchi ambayo wastani wake ulikuwa 8.1 mwishoni mwa miaka ya 1970, ukawa 6.7 mwaka 1989 na 5.4 mwaka 1993, kama ilivyotokea Kenya. Uzazi unaposhuka, P ya wanawake wakubwa hubeba historia ya enzi iliyopita, na uwiano hupanda kwa umri. Anayesahihisha kwa kufuata fomula pofu atakuza uzazi uliokwisha kupungua. Pingamizi ni sahihi, lakini halimalizi habari. Uwiano unaopanda kwa umri ni ishara ya mabadiliko; kilichokuwa chombo cha kusahihisha hugeuka chombo cha uchunguzi, na Brass hakupata kuzitumia njia zake bila kuuliza kwanza kama masharti yake yametimia.

Faida ya tabia hiyo ilionekana Kenya ilipotoa matokeo ya utafiti wake wa kitaifa wa mwaka 2003. Mwaka 1998 wastani ulikuwa 4.7, sasa ulikuwa 4.9. Ilisemekana kupungua kwa uzazi kumekwama. Maelezo hayakuchelewa: upungufu wa dawa za uzazi wa mpango, fedha zilizoelekezwa kwenye UKIMWI. Huenda yana uzito. Lakini utafiti wa 2003 ulikuwa wa kwanza katika mfululizo huo kuifikia nchi nzima, pamoja na kaskazini iliyokuwa imeachwa nje, ambako uzazi ni wa juu. Isitoshe, katika tafiti za aina hii dodoso huwa na sehemu ndefu ya afya ya watoto waliozaliwa ndani ya miaka mitano hivi iliyopita. Mhojaji aliyechoka hujua kwamba akimrudisha mtoto nyuma mwaka mmoja, sehemu hiyo yote inarukwa. Mtoto hubaki kwenye orodha, ila uzazi wa miaka ya karibuni huonekana mdogo kuliko ulivyo. Makosa ya namna hiyo yakiwa mengi katika utafiti wa awali na machache katika unaofuata, kukwama huweza kutokea kwenye karatasi tu. Wataalamu waliorudia hesabu za nchi kadhaa za Afrika walikuta kwamba baadhi ya kukwama kulikotangazwa hakukustahimili uchunguzi huo.

Ndiyo maana siafikiani na wanaodhani kwamba teknolojia imetuvusha. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilitumia vishikwambi, na ilihesabu watu 61,741,120. Kishikwambi huzuia karani kuacha swali, huharakisha ujumlishaji, hukataa tarehe isiyowezekana. Hakiwezi kujua kwamba mama hakumtaja mtoto aliyeishi siku tatu. Jambo hilo hutegemea lugha ya swali, faragha, na heshima ya anayeuliza. Na likishindikana hapo, hutegemea mchambuzi atakayetazama jedwali la rika kwa rika kabla ya kutangaza wastani.

Wala njia za Brass zisiwe kisingizio cha kuchelewesha usajili. Makadirio yake hueleza hali ya taifa au mkoa. Hayampi mtoto cheti, hayamwambii mganga wa wilaya ni kijiji gani kinapoteza watoto mwaka huu. Zilibuniwa kwa sababu rejista hazikuwapo, na serikali iliyokaa huru kwa zaidi ya nusu karne haina tena udhuru aliokuwa nao mtumishi wa Nairobi wa 1948.

Hadi rejista hizo zikamilike, ofisi zetu za takwimu zichapishe, kando ya kila wastani wa uzazi, jedwali la watoto waliozaliwa na waliosalia kwa umri wa mama, bila kusahihishwa, ili yeyote aweze kulipima. Nazo idara za demografia za Dar es Salaam, Nairobi na Makerere ziyafundishe majedwali ya 1948 kwa kuyafanyia hesabu upya darasani, kwa sababu ni majibu ya bibi zetu na ndiyo data ya kwanza ya uzazi tuliyonayo kwa upana huo.