Malazi ya mbwa na paka: vifaa vikuukuu vyafaa, vumbi halifai

Katika kata ya Nyaishozi, wilayani Karagwe mkoani Kagera, ambako migomba na mibuni huzizunguka nyumba, mbwa wa kulinda boma na paka wa kufukuza panya aghalabu hujitafutia wenyewe mahali pa kulala: kwenye majivu ya jikoni, uvunguni mwa kitanda au katika vumbi la ubaraza. Malazi hayo hayamgharimu mwenye mnyama hata senti moja, lakini gharama yake huweza kulipwa na miguu ya watoto.

Funza, mdudu wa jamii ya viroboto asiyezidi milimita moja, aliingia Afrika mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil na kutia nanga Angola. Kabla ya karne ile kwisha, alikuwa amekwisha kulivuka bara zima hadi pwani ya mashariki. Jike hujichimbia katika ngozi ya binadamu, mbwa, paka, nguruwe au panya, huvimba kufikia ukubwa wa punje ya njegere, kisha huangusha mayai yake ardhini. Katika vumbi kavu mayai huanguliwa baada ya siku chache, na kwa muda wa wiki tatu hivi kizazi kipya huwa tayari kushambulia nyayo. Viroboto wa kawaida nao wana tabia iyo hiyo: wengi wao, wakiwa mayai na mabuu, hawakai mwilini mwa mnyama bali pale anapolala.

Kwa sababu hiyo, kitanda bora cha mnyama ni kile kinachoweza kuinuliwa, kukung'utwa na kuoshwa. Sura yake ni jambo la baadaye.

Kibanda cha mbwa huweza kuundwa kwa mabanzi au mbao za kreti kuukuu, kikaegemezwa juu ya matofali ili sakafu iwe sentimita 15 hivi kutoka ardhini. Mbao za sakafu ziachiane mwanya mdogo, na paa la bati lifunguke ili jua liingie. Mlango uupe mgongo upepo wa mvua. Kipimo ni mbwa mwenyewe: asimame, ageuke na ajinyooshe. Kibanda kikubwa kupita kiasi si hisani, kwani katika miinuko ya Karagwe usiku huwa na baridi, na joto la mbwa mmoja haliwezi kukijaza.

Matandiko yapo shambani. Majani makavu ya migomba hubadilishwa kila wiki, na ya zamani huchomwa. Khanga kuukuu au gunia pia vyafaa, mradi vichemshwe na kuanikwa juani. Godoro chakavu ni afadhali liepukwe: halifuliki kwa urahisi, na mbwa akitafuna na kumeza sponji, utumbo wake huweza kuziba. Tairi kuukuu hushika matandiko vizuri, lakini likikaa nje litobolewe chini, la sivyo maji ya mvua yatatuama na kuzalisha mbu.

Paka hahitaji makuu. Kapu lililokatika mkono au beseni lililopasuka, likiwekwa juu ya kabati, humtosha. Gunia la katani likizungushiwa kigogo na kupigiliwa misumari, hupata pa kunolea makucha, jambo ambalo mkazi wa mjini mwenye makochi ya kitambaa atalithamini zaidi kuliko mkulima.

Hata hivyo, si kila chombo kikuukuu chafaa. Madebe na madumu yaliyokuwa na viuatilifu vya mashambani au dawa ya kuogeshea ng'ombe yasitumike kamwe, hata yakisuguliwa, kwa kuwa paka hujilamba manyoya na humeza kila kilichoyagusa. Hali kadhalika, dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin isinyunyizwe katika kitanda cha paka, kwani huweza kumuua.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 humtwika mwenye mnyama wajibu wa kumtunza. Kitanda kikisha kuwekwa, ubaraza ufagiliwe na unyunyiziwe maji kila siku, na mnyama mwenye funza apelekwe kwa mtaalamu wa mifugo.