Wavu, Mhuri na Mlango wa Lukuga: Kuutafuta Wajibu wa Mtu Mmoja Kalemie

Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi na kuutoa mmoja tu. Mto huo ni Lukuga, na mlango wake uko Kalemie. Hata hivyo maji yanayopita mlangoni hapo ni machache yakilinganishwa na yale yanayopaa kwa jua, na ndiyo maana kimo cha ziwa ni mtumwa wa mvua na joto. Misimu ya mvua nyingi ikifuatana, ziwa hupanda, na Lukuga haina upana wa kuliondolea ziada hiyo upesi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yalipokaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari na kuingia majumbani Kalemie, Uvira na Bujumbura. Wataalamu wa hali ya hewa wanaihusisha mvua ya mwisho wa 2019 na ya mwisho wa 2023 na joto lililozidi upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Hali ya aina hiyo ilitokea pia mwaka 1961, ikayapandisha Tanganyika na Victoria hadi kilele cha 1964. Tofauti ya leo ni kwamba hewa yenyewe ina joto zaidi, na kila nyuzi moja ya ziada huiwezesha kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi.

Mtu anayehamisha magodoro yake kutoka nyumba iliyojaa maji, akiambiwa kwamba naye ana nafasi yake katika kupambana na mabadiliko ya tabianchi, ana haki ya kuuliza: nafasi ipi?

Jibu linalosikika zaidi duniani ni la hesabu: pima hewa chafu unayotoa, kisha ipunguze. Asili ya jibu hili inafaa kukumbukwa. Kampuni ya mafuta ya BP ndiyo iliyolieneza katikati ya miaka ya 2000, kwa matangazo na kikokotoo cha kumwezesha kila mtu kujihesabia, na hivyo mzigo ukateremka kutoka kwa mchimba mafuta hadi kwa mnunuzi. Ukikileta kikokotoo hicho Kalemie, kinakosa cha kuhesabu. Kaboni dioksidi inayotokana na mafuta na makaa ya mawe nchini Kongo haifiki kilo 100 kwa mtu kwa mwaka. Mmarekani hutoa tani 14 hivi. Kumhimiza mama muuza ndakala, yaani dagaa wa ziwa, apunguze sehemu yake ni kumdhihaki.

Jibu la pili linatokana na la kwanza kwa kuligeuza: basi sisi hatuna wajibu wowote, ni wahanga, tusubiri fidia. Hoja hii ina watetezi wazito. Mwanafalsafa Walter Sinnott-Armstrong aliandika mwaka 2005 kwamba ni vigumu hata kuthibitisha kuwa mwendesha gari mmoja, anayechoma petroli Jumapili kwa kujifurahisha tu, anavunja wajibu wowote wa kimaadili, kwa kuwa tendo lake peke yake halibadili chochote. Ikiwa huyo hana kosa, mkazi wa Kalemie atalipataje? Tena mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 umeipa lugha ya uhanga uzito wa kidiplomasia, na ni haki. Mashaka yangu ni juu ya hatua inayofuata. Hoja hii inadhani kwamba madhara hutoka angani yakiwa yamekamilika. Ukweli ni kwamba mvua hutoka angani, lakini mafuriko hukamilishiwa hapa chini, na waliokamilisha ni watu wenye majina na vyeo.

Mwanabiolojia wa bahari Ayana Elizabeth Johnson amependekeza njia ya tatu. Anamtaka mtu achore maduara matatu, moja la anachokiweza, moja la kazi inayohitajika na moja la kinachompa furaha, kisha atafute yanapokutana. Ni ushauri mzuri kwa mwenye muda na uhuru wa kuchagua. Kwa Kalemie ningeliondoa duara la furaha na kuweka jingine mahali pake: ni nini ambacho hakiwezi kupita bila mkono wako? Iris Marion Young, katika kitabu chake cha mwaka 2011 juu ya wajibu wa haki, alikwisha kufika karibu na hapo. Kwake wajibu wa dhuluma za kimfumo haupimwi kwa hatia bali kwa nguvu, upendeleo, masilahi na uwezo wa kuungana na wengine. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 nayo, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na papo hapo inamtwika jukumu la kuyatetea. Haisemi kila mtu ayatetee kwa kiasi kimoja. Dai langu ni kwamba Kalemie wajibu mzito zaidi uko kwa mwenye mhuri kuliko kwa mwenye wavu au jiko.

Tuurudie mlango wa ziwa, maana hapo historia inafundisha zaidi ya nadharia. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Lukuga mwaka 1874 na kuuona mkondo wa polepole uliosongwa na majani. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1876 aliona tope na mafunjo, maji yakiwa kama yamesimama. Miaka michache baadaye kizuizi kilibomoka, na Joseph Thomson alipofika mwishoni mwa 1879 alikuta mto wenye nguvu ukienda magharibi kuelekea Lualaba. Ziwa likashuka mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Ng'ambo ya pili, kule Ujiji, ufuko ulirudi nyuma kiasi kwamba mnara wa kumbukumbu ya Livingstone sasa uko mbali na maji. Upande wetu, ardhi tambarare ilijitokeza, na watu wakaja kuijenga. Sehemu za chini kabisa za ufuko huu, basi, zilikuwa ziwa wakati wafanyabiashara wa Ujiji walipokuwa wakivuka hadi Mtowa kuelekea Manyema. Wanaosema maji yamevamia mji wanasema nusu ya habari.

Kuna kinyume kingine. Ziwa lilipokuwa likipungua katika miaka ya 2000, majirani, hasa Tanzania, walitaka banio la Lukuga lijengwe upya ili maji yasiendelee kupotea. Ziwa lilipopanda baada ya 2019, kilio kikawa mto uzibuliwe. Matakwa yote mawili yalikuwa na sababu, na yote mawili yanaikuta Kalemie mlangoni. Banio lisilo na milango inayofunguka litawazamisha watu wa Bujumbura katika miaka ya mvua. Kuchimba mkondo bila kipimo kutaziacha bandari kavu miaka ya ukame, na kutawamwagia maji wanaoishi bondeni upande wa Nyunzu na Kabalo. Mkataba wa ziwa uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 uliziweka nchi nne meza moja, na Mamlaka yake iko Bujumbura. Lakini vipimo vya kimo cha maji, rekodi za mchanga unaoteremshwa na vijito vya milima iliyokatwa miti, na ramani ya nani amepewa kiwanja wapi, hivi hutokana na kazi ya watu wa hapa: mpimaji, karani wa ardhi, mhandisi wa bandari, mwalimu wa jiografia. Karani anayegonga mhuri kwenye hati ya kiwanja chenye unyevu amefanya tendo la tabianchi kubwa kuliko majiko yote ya mtaa huo.

Wavu ni jambo gumu zaidi. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature hoja kwamba joto limepunguza uzalishaji wa mimea midogo ya ziwa kwa asilimia 20 hivi, na kwamba samaki wanaweza kuwa wamepungua kwa asilimia 30. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hukaa juu ya yale mazito ya chini, na pepo za kusi za kiangazi hushindwa kuyachanganya. Rutuba iliyolala vilindini haipandi, na ndakala hukosa chakula. Wapo watafiti waliopinga hesabu hiyo na kuutaja uvuvi wenyewe. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walionyesha, kwa tope la sakafu ya ziwa, kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi wa kibiashara. Kwa mvuvi wa Kalemie ubishi huu unaleta uamuzi mmoja: joto hawezi kulipunguza, ila anaweza kuamua samaki waliobaki wavuliwe vipi.

Hata hivyo hawezi kuamua peke yake. Akiacha wavu wa macho madogo, jirani atavua alichokiacha. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na samaki wa kilindini hawajui mpaka: mukebuka aliyeachwa Kigoma aweza kuuzwa Kalemie. Ndakala huishi mwaka mmoja na kidogo, kwa hiyo matunda ya kupumzisha ziwa yaweza kuonekana haraka, lakini kwa sharti kwamba pwani zote zipumzike pamoja. Katika mji uliopokea maelfu ya wakimbizi wa vita vya Watwa na Waluba, kumwambia mtu akae miezi mitatu bila ndakala na bila chochote cha kufidia ni amri isiyo na uso wa kumtazama. Nafasi ya mvuvi hapa ni kukaa katika kamati ya pwani na kudai masharti hayo. Kujinyima kwake peke yake ni ibada tu.

Juu ya muuza makaa sina mengi. Umeme wa kituo cha Bendera hauwafikii wengi, na anayekata miti kwa kuwa hana nishati nyingine amebanwa zaidi kuliko anavyoamua. Swali lake lipelekwe kwa wenye dhamana ya umeme, na kwa vijiji vinavyoweza kuomba msitu wa jamii chini ya agizo la mwaka 2014, hadi hekta 50,000.

Manono nako hakuna budi kutajwa. Lithiamu iliyoko huko, ndani ya jimbo hili hili, ni kati ya akiba kubwa duniani, na magari yanayotarajiwa kusafisha hewa ya Brussels na Shanghai yataihitaji. Kampuni zimeugombea mgodi huo mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa mrabaha: asilimia 25 kwa jimbo na 15 kwa mamlaka ya eneo, na asilimia 0.3 ya mauzo iende katika maendeleo ya jamii. Nani Kalemie anaisoma orodha ya ahadi za kampuni, anaitafsiri kwa Kiswahili, anauliza fedha imeingia akaunti gani? Mwanasheria kijana au mwandishi wa redio anayeifanya kazi hiyo ana nafasi katika tabianchi ya dunia ambayo kikokotoo cha BP hakiwezi kuiona.

Najua jibu la mwenye mhuri: mshahara unachelewa, mkubwa amekwisha kuagiza, mwenye kiwanja ana bunduki au ana mjomba Kinshasa. Hayo ni kweli, na Young angesema kuwa nguvu yake imepungua na wajibu wake umepungua kwa kiasi hicho. Haujafika sifuri. Ipo kazi isiyohitaji mfadhili wala amri ya Kinshasa: maji ya 2024 yaliacha alama ukutani mwa nyumba nyingi, na wenye nyumba wanazijua. Walimu, wapimaji na wazee wa mitaa wanaweza kuziunganisha kwenye ramani moja, wakauchora mstari wake kwa rangi kwenye nguzo za barabarani, nakala ikabandikwa mlangoni pa ofisi ya ardhi na nyingine ikasomwa redioni. Baada ya hapo kila hati ya kiwanja kilicho chini ya mstari huo itakuwa na saini ya mtu aliyejua.