Mvua inavyoumba na kubomoa ardhi ya Marani
MILIMA ya Marani, kaskazini mwa mji wa Kisii, huonekana kana kwamba haijawahi kubadilika. Ukweli ni kwamba kila msimu wa mvua huiacha na sura tofauti.

Miamba ya nyanda za Gusii, mingi ikitokana na volkano za kale, huoza polepole. Maji ya mvua huchanganyika na hewaukaa na kuwa asidi hafifu, ambayo hupenya nyufa na kuugeuza mwamba kuwa udongo. Sentimita chache tu za udongo huo huhitaji karne nyingi.

Mvua hiyo hiyo, ambayo katika nyanda hizo hupita milimita 1,500 kwa mwaka, ndiyo huuchukua. Matone huutifua udongo ulio wazi, nayo maji yatiririkayo huchimba mifereji na kuzoa tabaka la juu lenye rutuba hadi mitoni. Mto Gucha, uitwao Kuja sehemu za chini, hulifikisha tope la Gusii katika Ziwa Viktoria.

Mteremko ukilowa kupita kiasi, udongo huwa mzito, hushindwa kujishikilia na kuporomoka ghafla. Hatari huzidi palipokatwa miti au kuchimbwa ubavu wa mlima.

Kadiri mashamba yanavyogawanywa, ndivyo kilimo kinavyopanda kwenye miinuko mikali. Huko, matuta, nyasi za nepia na mistari ya mimea inayoukingama mteremko ndivyo vitakavyoamua iwapo mrithi atapata udongo au mawe.