Motokari za uwanda wa Ruzizi: kwa nini piesi zilishinda uzuri wa gari

Muulize mwenye motokari hapa Bwegera ni gari gani linafaa. Hataanza na mwaka lililotengenezwa wala nguvu ya moteri. Ataanza na piesi: zinapatikana wapi, na fundi yupi anazijua. Wageni hudhani tunapenda Toyota kwa sababu haziharibiki. Zinaharibika, tena sana. Sababu ni nyingine, na mizizi yake ni ya zaidi ya miaka 50.

Wakati wa Wabelgiji, magari mengi ya uwanda huu yalikuwa ya serikali, misioni na makampuni. Kampuni ilikuwa na garaji yake. Barabara ilikuwa na makantonye waliofukia mashimo na kuzibua mifereji, na vijiji vililazimishwa kutoa watu wa kazi hiyo. Ilikuwa kazi ya kulazimishwa, tusiisifu. Lakini ndiyo iliyolinda resori za malori yale, na wazee wanaosema kwamba magari ya zamani yalikuwa magumu husahau kuitaja barabara.

Baada ya uhuru wa 1960, biashara ya piesi katika miji ya Kivu iliendelea kuwa mikononi mwa wageni: Wagiriki, Wabelgiji, Wapakistani. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yapewe Wazaire. Wengi waliopewa duka waliuza kilichokuwa kwenye rafu, basi. Hawakuwa na fedha za kigeni wala jamaa huko Ulaya wa kuwaagizia kingine. Mwaka 1976 serikali ilirudi nyuma na kuwaita wenye mali, ila wengi hawakurudi.

Hapo fundi akawa mkubwa kuliko kiwanda. Lori lililokosa kipande kidogo lilisimama miezi, au likatolewa viungo ili jingine litembee. Mpira wa ndani wa tairi ulikatwa kuziba mahali panapovuja. Resori ya lori lililokufa ilichomwa moto, ikapigwa nyundo, ikafungwa kwenye lori zima. Kifungu cha 15, ile sheria isiyoandikwa ya “jitafutie”, kilikuwa na garaji kila kijiji. Tangu hapo mwenye gari akajua kwamba gari zuri lisilo na piesi ni banda la kuku.

Toyota iliingia kupitia mlango huo. Land Cruiser ilizaliwa 1951 na Hilux 1968, lakini kilichotufikia kwa wingi baadaye ni gari la okazi. Japani ina ukaguzi wa lazima: gari jipya la familia hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na gharama yake huwafanya wengi kuuza mapema. Gari hilo hupanda meli hadi Dar es Salaam, kisha huja kwa barabara hadi Bujumbura, kama kilomita 30 kutoka Uvira. Mizigo mingine hupitia Kigoma na kuvuka ziwa hadi bandari ya Kalundu. Piesi hufuata njia zilezile. Na baada ya vita ya Oktoba 1996, vilivyopita humu uwandani, aliyepoteza mali angeanza upya na nini kama si okazi?

Okazi ya Japani ina deni lake. Usukani uko kulia, na sisi tunatembea kulia. Dereva anakaa upande wa mtaro. Akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka konvayeri amwambie “ingia”. Mlango wa kuteleza wa Hiace za Japani uko kushoto, kwa hiyo abiria wetu hushukia katikati ya barabara. Hakuna fundi anayetengeneza kasoro hiyo kwa bei ya mtu wa kawaida.

Halafu kuna Ngomo. Dereva anayeshuka mlima ule huku amekanyaga breki muda wote huchemsha mafuta ya breki. Yakichemka yanatoa mapovu, na kanyagio linazama bila kushika chochote. Wenye uzoefu hushuka kwa gia ndogo. Wengine hupita Rwanda kupitia Bugarama, wakilipia karatasi za mpakani ili kuokoa gari na roho.

Kinachonisumbua mimi ni hesabu ya jioni. Dereva anadaiwa fedha ya kila siku na mwenye gari. Akisikia breki inalia, ana njia mbili: kusimama garaji na kurudi mikono mitupu, au kupiga safari moja zaidi. Wenye gari wanalalamika kwamba madereva wanaua magari, lakini wachache wanaoiacha siku moja ya mwezi bila deni ili gari likaguliwe. Nasi tunajua gari likipinduka inakuwaje. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, majirani zetu, likawaka. Watu zaidi ya 230 walikufa, baadhi wakiwa wanatazama Kombe la Dunia kwenye vyumba vya video.

Siku hizi vijana wengi wamekwepa gari kabisa na kununua pikipiki ya TVS au Bajaj kutoka India. Ukiwauliza kwa nini, jibu ni lile la baba zao: plagi, mnyororo na waya wa klachi vinauzwa sokoni, hatua chache kutoka kwenye nyanya.