Ulaji wa matunda na afya ya utumbo na moyo

Ulaji wa matunda kila siku ni mazoea ya kula angalau tunda moja katika milo ya kawaida. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale gramu 400 au zaidi za matunda na mboga kwa siku, bila kuhesabu viazi na mihogo.

Utumbo

Matunda yana nyuzinyuzi, yaani sehemu za mmea ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzimeng'enya. Baadhi huvuta maji na kulainisha choo. Nyingine hufika katika utumbo mpana na kuwa chakula cha bakteria wanaoishi humo. Bakteria hao hutoa asidi zinazolisha seli za ukuta wa utumbo. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti kuhusu Wahadzabe wa eneo la ziwa Eyasi, ambao hula ubuyu, mizizi ya porini, asali na nyama. Walikutwa na aina nyingi zaidi za bakteria wa utumbo kuliko wakazi wa mjini wa Italia waliolinganishwa nao.

Moyo

Potasiamu iliyomo katika ndizi, embe na ubuyu huusaidia mwili kutoa chumvi iliyozidi, hivyo kushusha shinikizo la damu. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka katika maji hupunguza lehemu katika damu. Nchini China, utafiti wa watu wapatao nusu milioni uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokula matunda kila siku walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa kwa kiwango kidogo kuliko wasioyala au walioyala kwa nadra. Hata hivyo utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba matunda peke yake ndiyo sababu, kwa kuwa walaji wa matunda huweza kutofautiana na wengine kwa kipato na mwenendo wa maisha.

Shinyanga na Geita

Shinyanga ni mkoa mkavu, lakini una mibuyu na mikwaju inayostahimili ukame. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayohifadhiwa kwa desturi ya Wasukuma. Miti ilirudi, na pamoja nayo matunda ya porini. Geita hulimwa mananasi. Kwa mchimbaji wa dhahabu anayekula kwa mama lishe, kipande cha nanasi au ndizi baada ya ugali ni bora kuliko soda.

Tahadhari

Juisi iliyochujwa hupoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, na ubuyu uliotiwa rangi una sukari nyingi. Matunda yaoshwe kwa maji safi, kamwe si ya mabwawa ya kuoshea dhahabu, ambayo huweza kuwa na zebaki. Wagonjwa wa figo na wa kisukari wamwulize mganga kiasi kinachowafaa. Matunda hayachukui nafasi ya dawa za shinikizo la damu.