Maneno Yaliyokatwa Mkia

Sisi wa Mokambo twakaa mahali lugha mbili za Ulaya zinapokutana. Huku karatasi za forodha zaandikwa Kifaransa. Ng'ambo ya kizuizi, kwenye njia ya Mufulira, ni Zambia, nchi ya Kiingereza. Madereva wa malori wavuka na maneno yao, nasi twayaokota. Kumbe mara nyingi tunachookota ni kipande tu!

Tuangalie neno basi, lile la kupanda. Asili yake ni Kilatini, omnibus, maana yake "kwa watu wote". Wazee waliosali Misa ya Kilatini walilitamka katika Confiteor. Mwaka 1826, huko Nantes katika Ufaransa, Stanislas Baudry alianzisha magari ya farasi ya kuchukua abiria yeyote mwenye nauli, nayo yakapata jina hilo. Mwaka 1829 George Shillibeer aliyaanzisha London. Waingereza hawakukawia: walitupa mwanzo wa neno, wakabaki na bus. Lakini kipande hicho ni mkia mtupu. Katika Kilatini hakisemi kitu kikiwa peke yake. "Wote" ndio walioachwa njiani.

Kukata kwenyewe kuna namna nyingi. Telephone ilikatwa kichwa, ikawa phone. Photograph ilikatwa mkia, ikawa photo. Maskini influenza, jina la Kiitaliano, ilikatwa huku na huku ikabaki flu.

Si wote waliopendezwa. Mwaka 1710 Jonathan Swift, mchungaji wa Kianglikana mzaliwa wa Dublin, alilalamika katika gazeti la The Tatler juu ya watu wanaokatakata lugha. Neno mob lilimwudhi sana; lilitoka katika Kilatini mobile vulgus, yaani umati unaogeukageuka. Leo mob imo katika kila kamusi ya Kiingereza. Swift alishindwa, nasi twamhurumia kidogo.

Maana Katanga pia twaishi kwa vipande. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, watu waliiita UMHK. Serikali iliitwaa mali yake mwaka 1967, na baadaye likaja jina Gécamines. Waulize vijana maana yake: wangapi watajibu Générale des Carrières et des Mines? Hapo si kitu. Lakini kumbuka mwaka 1960, Conakat na Balubakat waliposhindana hata damu ikamwagika. Majina yote mawili yaliishia kwa kipande kimoja, kat, yaani Katanga. Nchi waliyoigombania ilikuwa moja, tena imo katika jina la kila mmoja wao.

Kiswahili nacho kina mkasi wake. Salamu yetu jambo ni kipande cha hujambo, nayo hujambo ni huna jambo. Basi tusiwacheke Waingereza kwa salamu yao ya kuagana. Zamani waliombeana, God be with you, Mungu awe nawe. Kwa kusemwa haraka sala ikawa goodbye. Kisha wakakata tena, ikabaki bye. Na kilichokatwa mara ya pili ni kipande kile kilichoshika mahali pa jina la Mungu.

Jioni, kizuizi kikiinuliwa, dereva apunga mkono dirishani. "Bye!" asema, na watoto wamjibu vivyo hivyo.